Gari la Kunyunyizia Lami na Uhai wa Barabara

Wakazi wa Bulumbi, katika Wilaya ya Busia nchini Uganda, na jirani zao wa Tororo, wameyazoea malori. Mengi ya yale yanayopanda kutoka bandari ya Mombasa huingia Uganda kwa Malaba au Busia. Tarehe 24 Februari 2018 Rais Museveni wa Uganda na Rais Kenyatta wa Kenya walikifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia, ili mzigo ukaguliwe upande mmoja badala ya pande mbili. Ni jambo jema, ingawa lori linalopita forodha upesi huwahi pia kufika kwenye shimo.

Shimo likitokea, lawama huwaendea mvua na uzito wa malori. Lakini yako mashimo yanayozaliwa siku ile ile ya ujenzi, katika dakika chache ambazo gari la kunyunyizia lami linapita.

Gari hilo ni lori lenye tangi lililovikwa gamba la kuhifadhi joto. Ndani ya tangi mna mabomba ya moto, na pampu huizungusha lami isigande. Nyuma yake limelala bomba refu la kukingama barabara, lenye vipua vya kurushia lami vilivyopangwa kila baada ya sentimita 10 hivi. Kwa upande mmoja wa barabara, wenye upana wa mita 3.5, huhitajika vipua vipatavyo 35. Kila kimoja hurusha lami kwa umbo la upepo wa kupepea moto, na miruko hiyo hupandana, hata kila mahali pakapata lami ya vipua viwili au vitatu.

Sasa fikiri kipua kimoja kimezibwa na lami iliyoganda usiku. Gari litapita na barabara itaonekana nyeusi, lakini mstari mmoja utakuwa umepata nusu tu ya haki yake. Kokoto za mstari huo hazitashika. Magurudumu yatazing'oa, maji yatapenya, na msimu mmoja wa mvua watosha kumaliza yaliyobaki. Bomba likiwa juu mno au chini mno, mistari kama hiyo hutokea barabara nzima. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: tangi linapopungua, springi za lori huinuka, na bomba huinuka nalo. Fundi hodari hupima kimo hicho, ambacho kwa kawaida ni sentimita 25 hadi 30, tena na tena katika siku moja. Mvivu hupima asubuhi tu.

Mwendo nao una hesabu yake. Ikiwa kila mita ya mraba yatakiwa kupata lita 1, kilomita moja ya upande mmoja hunywa lita 3,500. Dereva akizidisha mwendo mara mbili na pampu isibadilike, barabara hupata nusu. Kwa sababu hiyo magari mengi ya namna hii huwa na gurudumu dogo la ziada la kupimia mwendo. Wakaguzi nao hutandaza trei za bati njiani, wakazipima kwa mizani kabla na baada ya gari kupita. Mizani haina upendeleo kwa mkandarasi.

Lami ya kwanza, inayonyweshwa tabaka la chini, imechanganywa na mafuta ya taa na hunyunyizwa ikiwa na joto la nyuzi 50 hivi. Mvuke wake hushika moto, kwa hiyo sigara ni marufuku. Lami nzito ya kushikilia kokoto huhitaji zaidi ya nyuzi 150. Adui yake ni maji: kiasi kidogo kikibaki tangini hugeuka mvuke na kutanuka zaidi ya mara 1,000, na lami hufoka kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni.

Ndugu askari unayeongoza magari mahali hapo, simama upande upepo unakotoka, na usiruhusu mwendo wa kasi juu ya kokoto mpya. Nanyi wazazi wa kambini na vijijini, wazuieni watoto wasilifuate gari hilo. Lami ya moto ikimrukia mtu, sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Lami isibanduliwe, kwani itaondoka na ngozi, wala isisuguliwe kwa petroli. Hospitalini huilainisha kwa mafuta maalumu. Lami iliyozunguka kidole kizima hukaza inapopoa na kuzuia damu; majeruhi wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja, hata kama hasikii maumivu makali.