Mwalimu Aliyekuwa wa Tatu

Mtoto arudipo nyumbani na matokeo yake, swali letu la kwanza aghalabu ni: "Umekuwa wa ngapi?" Akijibu kuwa ni wa tatu, hufuata la pili: "Nani waliokupita?" Juma hili twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za mtu ambaye swali hilo la pili liliandamana naye ujana wake wote.

Edvin Wide alizaliwa mwaka 1896 huko Kimito, nchini Ufini. Mwaka 1918 alihamia Uswidi, akawa mwalimu wa shule katika mji mdogo wa Enköping. Siku hizo wanariadha wa Olimpiki hawakuruhusiwa kulipwa kwa kukimbia, basi riziki yake ilitoka darasani.

Mwaka 1920, mjini Antwerp, yeye na wenzake wa Uswidi walipata nishani ya shaba katika mbio za timu za mita 3,000. Mwaka 1924, mjini Paris, alipata fedha katika mita 10,000 nyuma ya Ville Ritola, kisha shaba katika mita 5,000 nyuma ya Paavo Nurmi na Ritola. Katika mbio za nyika, jua lilikuwa kali mno hata wakimbiaji 38 walioanza wakamaliza 15 tu. Wide hakuwa miongoni mwao.

Angeweza kuacha. Badala yake, mwaka 1926 mjini Berlin alishindana tena na Nurmi katika mita 1,500. Mjerumani Otto Peltzer alishinda kwa rekodi ya dunia, Wide akawa wa pili, na Nurmi mkuu akafika nyuma yake.

Mwaka 1928, mjini Amsterdam, alikuwa na umri wa miaka 32. Akapata shaba katika mita 10,000, na shaba nyingine katika mita 5,000, ambako alipitwa na Nurmi kwa sekunde moja na nukta mbili tu. Waliomtangulia walikuwa wale wale wawili, Nurmi na Ritola, wana wa nchi aliyozaliwa yeye mwenyewe.

Wazee wetu husema mvumilivu hula mbivu. Wide alivumilia, na dhahabu ya Olimpiki hakuipata kamwe. Je, tuseme alipoteza miaka yake? Sisi twaona sivyo. Nishani tano zilikuwa zake kwa jasho lake, na kukaa nyuma ya wakimbiaji wawili bora wa zama zao si aibu.

Alifariki mwaka 1996, akiwa ametimiza miaka 100.

Basi wazazi wenzetu, mtoto ajapo na nafasi ya tatu, tusiharakishe kumtajia waliompita, kwani anawajua kuliko sisi. Kwanza tumkaribishe, tumpe maji anywe, kisha tumuulize alivyokimbia.