Kamshafti Moja Katikati ya Bloki

Ford walipoyatengenezea magari yao makubwa ya kazi ya Super Duty injini mpya ya petroli kwa toleo la mwaka 2020, walifanya jambo ambalo wapenzi wengi wa magari hawakulitarajia. Waliiondoa V10 ya lita 6.8, yenye kamshafti juu ya silinda hedi, wakaweka V8 ya lita 7.3 yenye kamshafti moja tu, iliyolazwa ndani ya bloki na kufungua valvu kwa vijiti vya chuma. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyoanza kuuacha mpangilio huo katika V8 zake tangu toleo la 1991. Iliurudia kwa sababu za kihandisi, na sababu hizo zinastahili kuelezwa vizuri, maana injini kubwa ya Kimarekani ikitajwa wengi wetu tunaishia kusema kwamba wale watu petroli kwao ni rahisi, basi.

Fundi wa Afrika Mashariki aliyewahi kuseti tapeti za Peugeot 504 au Land Rover ya zamani ameshaushika mpangilio huu kwa mikono. Ukifungua kava ya juu unakutana na safu ya roka, vipande vya chuma vinavyobembea kama pembea ya ubao. Unalegeza nati, unapitisha fila kati ya ncha ya roka na mkia wa valvu, unakaza skrubu mpaka fila ipite kwa kukwaruza kidogo. Chini ya ncha ya pili ya roka kimesimama kijiti, ndiyo pushirodi, kinachoshuka hadi kwenye tapeti, nayo tapeti imekaa juu ya nundu ya kamshafti. Nundu ikiinuka, kijiti kinapanda, roka inageuka, valvu inafunguka. Nundu ikipita, springi inairudisha valvu mahali pake. V8 za leo zenye vijiti zinafanya hivyohivyo, ila tapeti zake zina roli chini na mafuta ndani yanayojaza nafasi yenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya kuziseti.

Kamshafti hiyo imelala kwenye bonde la V, juu kidogo ya kranki, na cheni fupi inatosha kuizungusha. Ina nundu 16 kwa valvu 16. Sasa ilinganishe na V8 ya Ford Mustang, ile ya lita 5.0 iliyoanza na toleo la 2011. Ina kamshafti nne, mbili juu ya kila hedi, valvu 32, na cheni ndefu zinazohitaji vibano na viongozo vyake. Hedi zake ni pana na ndefu kwenda juu, kwa sababu kamshafti zote zimepanda huko. Matokeo yake, injini hiyo ya lita 5.0 inachukua nafasi kubwa zaidi kwenye gari kuliko V8 ya General Motors ya lita 6.2.

Hapo ndipo watu hupotea. Lita hupima nafasi ambayo pistoni zinaifagia ndani ya silinda. Hazisemi lolote kuhusu upana wa injini, urefu wake wala uzito wake, na mtu anayetafuta mahali pa kuiweka chini ya boneti anajali mambo hayo matatu kuliko lita. Chevrolet, chapa ya General Motors, waliligundua hili mapema. V8 yao ndogo ya mwaka 1955, iliyosimamiwa na mhandisi Ed Cole, ilikuwa na lita 4.3 na umbali wa inchi 4.4 kutoka katikati ya silinda moja hadi katikati ya jirani yake. Umbali huo, milimita 111.76, umo mpaka leo katika injini ya lita 6.2 inayokaa nyuma ya viti vya Corvette Stingray na kutoa nguvu za farasi 490. Karibu kila kitu kingine kimebadilika: bloki ni ya alumini, petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kompyuta inasogeza muda wa kamshafti.

Kwa pikapu, faida inayoonekana zaidi ni mvuto. Injini ya Ford ya lita 7.3 ilipotoka ilitoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni mita 644 kwa mizunguko 4,000 kwa dakika, na nguvu za farasi 430 kwa mizunguko 5,500, bila turbo. Inaweza kufanya hivyo kwa sababu kila silinda inavuta hewa nyingi kwa mpigo mmoja, kwa hiyo haina sababu ya kukimbizwa. Dereva anayepandisha mlima na trela la ng'ombe anahitaji nguvu hiyo saa nzima, siku baada ya siku. Injini ndogo yenye turbo inaweza kuifikia, na ikiwa tupu barabarani inakunywa kidogo. Ikibebeshwa mzigo mzito kwa muda mrefu, akiba hiyo huyeyuka sehemu kubwa.

Udhaifu wa vijiti ni kasi, na fizikia yake haina huruma. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 50 kwa sekunde. Springi inalazimika kuirudisha valvu pamoja na roka, kijiti na tapeti, mzigo wote huo, kila mara. Ukiongeza kasi ya injini maradufu, springi inadaiwa nguvu mara nne. Ikizidiwa, valvu huanza kuelea: nundu imeshapita lakini valvu bado haijafunga, na pistoni inapanda kuikuta. General Motors waliusukuma mpaka huo mbali sana kwa Corvette Z06 ya 2006, wakatumia titani kwenye koni rodi na valvu za kuingiza hewa, na injini yao ya lita 7.0 ikafika mizunguko 7,000. Walipotaka 8,600 kwa Z06 ya 2023, waliviacha vijiti wakatengeneza V8 ya lita 5.5 yenye kamshafti nne. Naona huo ulikuwa uamuzi sahihi kabisa.

Kuna udhaifu wa pili usiozungumzwa sana. Kamshafti ikiwa moja, ukisogeza muda wa valvu za kuingiza hewa umesogeza na za kutoa moshi. Dodge Viper ya 2008, yenye V10 ya lita 8.4, ilikwepa hilo kwa kamshafti mbili zilizoingizwa moja ndani ya nyingine, ili nundu za moshi zisogee peke yake. Ni kazi ya ufundi inayopendeza kuitazama ikiwa imekatwa wazi, ingawa wengi hawakuifuata.

Sehemu inayonivutia kuliko zote ni tapeti zinazolala. Kwa kuwa kila valvu ina tapeti yake ndani ya bloki, karibu na njia za mafuta, ni rahisi kuiamuru isifanye kazi. Kompyuta inafungua njia, shinikizo la oili linasukuma pini mbili ndogo ndani ya tapeti, na tapeti inakatika vipande viwili vinavyoteleza kimoja ndani ya kingine. Nundu inaendelea kuinuka, lakini kijiti hakipandi na valvu inabaki imefungwa. Chrysler waliitumia njia hii kwenye V8 yao ya vijiti iitwayo Hemi, ya lita 5.7, kwa toleo la 2005, wakizima silinda nne kati ya nane. Chevrolet Silverado ya 2019 ilikwenda mbele zaidi: ina mipangilio 17 ya silinda zipi zifanye kazi, na inaibadilisha dereva akiwa hana habari. Injini ya lita 6.2 inayotembea polepole kwenye tambarare inakuwa ndogo kwa muda, kisha nane zote zinarudi mguu ukikanyaga.

Lakini tapeti hizo ndizo zilizowatesa wamiliki wengi. Pini ikikwama, tapeti haishiki tena, roli inaacha kuzunguka na kuanza kuila nundu; gari linaanza kugonga, kisha silinda inakufa. Kesi zimefunguliwa Marekani kuhusu hilo. Kuibadilisha tapeti moja kunalazimu kuvua hedi nzima, na nundu ikiwa imelika, kamshafti nayo inatoka. Ujumbe wangu kwa yeyote mwenye gari la aina hii, hata kama ameliingiza kupitia Dubai au Mombasa, ni mfupi: badilisha oili kabla ya muda, na tumia ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Mfumo unaotegemea shinikizo la oili kupita kwenye vitundu vyembamba hausamehe oili iliyochoka.

Hata mlio wake una hesabu. Katika V8 ya zamani ya Chevrolet silinda zinalipuka kwa mfuatano wa 1, 8, 4, 3, 6, 5, 7, 2, kila nyuzi 90 za kranki, sawasawa kabisa. Ila silinda 8 na 4 ziko upande mmoja na zinafuatana. Vivyo hivyo 5 na 7 upande wa pili. Kila bomba la eksozi linapokea milipuko kwa vipindi visivyolingana, na ule mngurumo wa kudundadunda unatoka hapo. Vijiti havihusiki, japo watu huvipa sifa hiyo.

Ram, chapa ndugu ya Chrysler, waliiondoa Hemi ya lita 5.7 kwenye pikapu yao ya 1500 kwa toleo la 2025, wakaleta injini ya silinda sita mstarini, lita 3.0, turbo mbili. Kwa karatasi iliishinda: nguvu za farasi 420 kwa toleo la kawaida, 540 kwa lile kali, dhidi ya 395 za Hemi. Wateja waliitaka ya zamani hata hivyo, na kwa toleo la 2026 ikarudi. Mapenzi na mlio vilichangia, sikatai. Lakini anayenunua pikapu kwa kazi anapiga pia hesabu ya miaka 15 ijayo: turbo mbili, mabomba yake, vipoza hewa vyake na joto la vyote hivyo chini ya boneti moja, mbele ya fundi ambaye atalipokea gari hilo likiwa mikononi mwa mmiliki wa tatu.