Rangi za Joto Kwenye Chuma cha Modeli

Feleji inayopashwa moto hewani hubadilika rangi mapema, muda mrefu kabla haijawa nyekundu. Kwenye nyuzi 220 hivi za Selsiasi hupata manjano hafifu. Ikikaribia 255 huwa kahawia, ikipita 275 huingia zambarau, na kwenye 300 huwa buluu. Joto likizidi, buluu nayo hufifia ikawa kijivu. Kinachoonekana ni utando wa oksaidi wenye unene wa makumi tu ya nanomita. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando hukutana na ule unaorudi kutoka kwenye chuma chenyewe, baadhi ya rangi zikafutana na nyingine zikabaki, kama inavyotokea kwa dizeli iliyomwagika juu ya dimbwi. Chuma kikipoa, utando hubaki vilevile. Kwa hiyo kila rangi huonyesha joto kali zaidi lililowahi kufika mahali pake.

Kosa linaloharibu modeli nyingi za ndege na pikipiki huanzia hapo. Manjano huwekwa karibu na chanzo cha joto na buluu mbali, kana kwamba kinachochorwa ni mwali wa moto. Chuma hufanya kinyume: kijivu na buluu ndizo zinazokaa karibu na joto, hufuata zambarau, kisha kahawia, na manjano huwa ukingo wa nje unaoyeyukia kwenye chuma kitupu. Anayetaka kuhakikisha hahitaji kitabu. Ekzosi ya kromu ya pikipiki iliyoegeshwa kijiweni itamwonyesha, kuanzia inapotoka kwenye injini.

Jambo la pili la kujua ni aina ya metali. Aluminiamu haitoi rangi hizi, maana oksaidi yake ni nyembamba na haina rangi, na aluminiamu yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660. Titani na feleji isiyoshika kutu huzitoa, ila kwa joto la juu zaidi. Ekzosi za vifaru na malori, ambazo ni za feleji ya kawaida, huishia kwenye kutu. Kuzipaka buluu ni kuzipamba tu.

Mfano unaofaa kusomwa kwa makini ni F-100 Super Sabre, ndege ya kivita ya Marekani iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1953. Sehemu yake ya nyuma, inayozunguka injini ya J57, iliachwa bila rangi, na titani ilitumika kwa wingi. Ndege zilizofanya kazi muda mrefu zilikuwa na mabaka ya shaba, zambarau na buluu iliyokolea. Mabaka hayo hayakusambaa ovyo: yalifuata mbavu za ndani, kwa kuwa penye ubavu joto hunyonywa na bati linabaki jeupe zaidi kuliko lile la katikati. Picha za ndege halisi ndizo zinazopaswa kuongoza mkono hapa, wala si ladha ya mpakaji.

Kazi yenyewe ya kupaka rangi hizi kwenye modeli huanza na weusi unaong'aa. Juu yake hupulizwa lakaa ya rangi ya metali, tabaka jembamba. Mkwaruzo wowote ulioachwa na msasa utajitokeza, na hakuna kinachofuata kitakachouficha. Lakaa ikikauka kabisa, hutumika rangi za akriliki zinazopitisha mwanga, zilizolainishwa sana kwa thina yake na kupulizwa kwa mgandamizo mdogo, karibu baa 1. Manjano hutangulia na kuchukua eneo pana kuliko zote. Kahawia au rangi ya chungwa hufuata ndani yake, kisha zambarau, na buluu huja mwisho ikiwa na eneo dogo kabisa. Zambarau hairukwi. Buluu inayopitisha mwanga ikigusa manjano moja kwa moja huzaa kijani, na kijani hicho hakimo katika mfululizo wa feleji ya kawaida. Kila mpulizo uonekane kwa shida. Rangi ikishaonekana vizuri kwa mpulizo mmoja, tayari imezidi.

Asiye na kipulizio anaweza kutumia rangi za mafuta za wachoraji: tone dogo la kahawia au buluu hupakwa, kisha hufutwa kwa brashi kavu hadi libaki kivuli tu. Huchukua siku kadhaa kukauka, lakini mipaka yake hulainika vizuri.

Ukubwa wa modeli nao huamua mengi. Doa la upana wa milimita 24 kando ya mshono wa kulehemu huwa milimita 2 kwenye pikipiki ya kipimo cha 1/12, nafasi ya kutosha kuonyesha rangi zote. Kwenye ndege ya 1/72 doa hilohilo ni theluthi ya milimita, na hapo kivuli kimoja cha kahawia kinatosha.

Vanishi isiyong'aa huua mwonekano wa metali, hivyo huepukwa kwenye sehemu hizi. Masizi ni jambo jingine: hukaa juu ya metali, hayang'ai, na hujikusanya ndani ya mdomo wa bomba. Unga wa chaki nyeusi uliosagwa huyafanya vizuri, ukipakwa mwisho kabisa, baada ya buluu kukauka.