Redio Ikinyamaza

Redio ya nyumbani ikinyamaza tusikimbilie bisibisi. Tuazime kwanza betri nzuri kwa rafiki. Mara nyingi ubovu ni huo tu. Zilizomo zikiwa zimevuja, ule unga mweupe huunguza ngozi: tuvae glavu, tupanguse vyuma kwa pamba yenye siki kidogo, tukaushe, tujaribu tena. Waya ukiwa umekatika, mwenzetu ajuaye kulehemu atatusaidia.

Televisheni ya kichogo ni jambo jingine. Hata ikichomolewa, kioo chake huweza kubaki na umeme wa maelfu ya volti, unaoweza kuua. Tusiifungue, hata rafiki ajigambe vipi; tumpelekee fundi. Na ikiwa haionyeshi kitu tangu analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam mwishoni mwa 2012, huenda si mbovu: inataka king'amuzi tu, nacho huchomekwa kwa nyuma bila kulegeza skrubu hata moja.