Fahamu: Jongoo mwenye miguu 1,306

Wazungu humwita jongoo "mwenye miguu elfu", ingawa kwa muda mrefu hakujulikana hata mmoja aliyefikisha idadi hiyo. Rekodi ilikuwa miguu 750, ya jongoo wa California.

Desemba 2021 wanasayansi walimtangaza Eumillipes persephone, aliyenaswa kwa mtego wa majani makavu kwenye shimo la utafiti wa madini, hadi mita 60 ardhini, Australia Magharibi. Jike mmoja alikuwa na miguu 1,306! Hana macho, rangi yake imefifia, na ni mwembamba kama uzi: upana haufiki milimita 1, urefu karibu milimita 96. Inadhaniwa miguu hiyo humpa nguvu ya kujipenyeza kwenye nyufa. Eneo hilo lina migodi, ndiyo maana nahofia usalama wake.