Bomu chini ya meza: Siri ya sinema zinazotunyima usingizi

JE, msomaji, umewahi kujikuta umesimama mbele ya runinga ukimpigia kelele mtu asiyeweza kukusikia? "Usifungue mlango! Yumo humo ndani!" Mhusika anaufungua tu, nawe unauficha uso nyuma ya mto wa kochi huku ukichungulia kwa jicho moja.

Ikiwa jambo hilo limekupata, usione haya. Mwelekezi wa sinema hiyo alikusudia ufanye hivyo, na aghalabu kazi yake huianza katika dakika chache za mwanzo.

Nililiwaza suala hili majuzi pale mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliponiletea insha yake ya kusisimua. Kufikia mwisho wa aya ya kwanza, watu wanne walikuwa wamekwisha kupigwa risasi, gari limeteketea na damu inatiririka mtaroni. Chini yake mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Taharuki iko wapi?"

Kijana alikuwa amenuna. "Mjomba, risasi zote hizo na bado anaulizia taharuki?"

Sikubishana naye. Nilimwambia aketi tuzungumze kuhusu sinema, na mazungumzo hayo ndiyo ninayokuletea leo.

Kushtuka si kungoja

Tulianza na Alfred Hitchcock, mwelekezi mzaliwa wa London aliyefariki mwaka wa 1980 baada ya kuwatia watu hofu kwa zaidi ya miaka 50. Mnamo 1962, Hitchcock alihojiwa kwa siku kadhaa na mwelekezi Mfaransa, François Truffaut, na akamweleza siri yake kwa mfano mmoja mwepesi.

Watu wawili wameketi mezani wakipiga gumzo la kawaida. Ghafla bomu lililokuwa chini ya meza linalipuka. Watazamaji wanashtuka, lakini mshtuko huo ni wa sekunde 15 tu.

Sasa tuanze upya. Mara hii watazamaji wamemwona mtu akilitega bomu hilo, na wanajua litalipuka saa saba kamili. Saa ya ukutani inaonyesha saa saba kasorobo. Wale wawili wanaendelea na gumzo lao lile lile lisilo na maana. Mtazamaji hawezi tena kutulia, kwa kuwa anatamani kuwaambia, "Acheni porojo, tokeni humo!" Hofu hiyo ni ya dakika 15 nzima.

Bomu ni lile lile na meza ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba wewe mtazamaji umeambiwa jambo ambalo wahusika hawalijui. Umepewa habari, ukanyimwa uwezo wa kusaidia. Hiyo ndiyo taharuki.

Dakika tatu za gari

Mwelekezi Mmarekani Orson Welles aliuonyesha ukweli huu barabara katika filamu yake Touch of Evil ya mwaka wa 1958. Picha ya kwanza kabisa ni ya mikono ya mtu ikiitegesha saa ya bomu. Mtu huyo analitia bomu katika buti ya gari na kutoweka. Kisha mwanamume tajiri na mwanamke aliyeandamana naye wanaliingia gari hilo na kuondoka.

Kamera inalifuata kwa zaidi ya dakika tatu bila kukatizwa hata mara moja. Gari linapita mtaani polepole, katika mji ulio mpakani mwa Mexico na Marekani. Linasimama kuwapisha watu. Maharusi wawili wanatembea kwa miguu karibu nalo, nawe moyo unakudunda. Penye kizuizi cha mpakani, mwanamke aliye garini analalamika kuwa anasikia mlio wa saa kichwani. Hakuna anayemsikiliza. Linavuka, na muda mfupi baadaye linalipuka.

Mtindo wa kutokata picha una maana yake. Picha inapokatwa, mtazamaji hupata nafasi ya kupumua. Welles alimnyima nafasi hiyo.

Kampuni iliyomiliki filamu iliyajaza majina ya waigizaji na muziki juu ya onyesho hilo. Welles aliandika waraka wa kurasa 58 akieleza jinsi alivyotaka filamu yake iwe, lakini mengi aliyoyaomba hayakutekelezwa. Mwaka wa 1998, miaka 13 baada ya kifo chake, filamu ilihaririwa upya kwa kuufuata waraka huo. Majina yaliondolewa, na badala ya muziki ule zikasikika sauti za mtaa wenyewe.

Papa asiyeonekana

"Lakini Mjomba," mpwa wangu akauliza, "kama hakuna bomu je?"

Nikamkumbusha Jaws, sinema ya Steven Spielberg ya mwaka wa 1975. Vijana wanaota moto ufukoni usiku. Msichana anakimbilia baharini kuogelea. Kijana aliyemfuata amelewa, na usingizi unamchukua pale pale mchangani. Kamera inazama na kumtazama msichana kutoka chini, na muziki wa John Williams unaanza kwa sauti mbili tu zinazorudiwa, polepole kisha kwa kasi.

Msichana anavutwa huku na huko akipiga mayowe. Papa mwenyewe haonekani kabisa.

Je, huo ulikuwa ujanja tu? Sehemu yake ilikuwa dhiki. Papa wa mitambo waliotengenezwa kwa ajili ya filamu hiyo walikuwa wakiharibika kila mara katika maji ya chumvi, na Spielberg akalazimika kumwonyesha papa wake kwa nadra. Hasara ikageuka faida. Kila mtazamaji alijiundia papa wake mwenyewe akilini, na hakuna mtambo ungeweza kumshinda huyo.

Glasi ya maziwa

Mfano wa tatu nilimsimulia tu, kwani filamu yenyewe si ya watoto. Ni Inglourious Basterds ya Quentin Tarantino, ya mwaka wa 2009. Ufaransa, 1941. Afisa wa Kinazi anafika katika nyumba ya mkulima. Ana adabu, anatabasamu, anaomba glasi ya maziwa na kuisifu. Mazungumzo yanaendelea taratibu. Kisha kamera inashuka polepole, inapita mbao za sakafu, na tunaiona familia ya Kiyahudi imelala chini yake, mikono vinywani.

Baada ya hapo, kila neno la adabu linachoma. Hilo ndilo bomu la Hitchcock, ila safari hii lililo chini ya meza ni watu, na tunachoogopa ni kwamba watagunduliwa.

Mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hivyo wale wangu wanne walikufa kabla hata sijawajua."

Hapo alikuwa amelishika somo. Hatumwogopei mtu tusiyemjali. Risasi zinazofyatuliwa kabla hatujamfahamu yeyote ni kelele tu, na mtoto anayezitazama kutwa huzizoea kama anavyozoea honi za barabarani. Mzazi, jaribu kuwauliza wanao leo jioni: mwanzo wa sinema hii umetuambia nini ambacho mhusika hakijui? Utashangaa jinsi watakavyoitazama kwa macho mengine.

Wiki iliyofuata mpwa wangu alileta insha mpya. Haikuwa na hata risasi moja. Matatu inapakia abiria stejini. Chini yake, tone baada ya tone, mafuta ya breki yanadondoka kwenye lami. Makanga hayaoni, yuko mlangoni akiita watu. Mama mmoja anakuja mbio, mtoto mgongoni, na kuuliza kama bado kuna nafasi.

"Ipo moja, Mama," makanga anamjibu. "Panda twende."

Niliifunika insha kwa kiganja kabla ya kuendelea. Nilitaka kumwambia yule mama asipande.