Tauni Iliyotoka Mchezoni

Msomaji mmoja ameuliza kama michezo ya mtandaoni inayowakeshesha vijana ina faida yoyote kwa sayansi. Ipo, na mfano ninaoupenda ni wa mwaka 2005.

World of Warcraft, mchezo wa kampuni ya Blizzard ya Marekani, ulitoka Novemba 2004, na kufikia 2010 wanachama wake walikuwa milioni 12. Habari za mazimwi, wachawi na mapanga tuziruke. Itoshe kujua kwamba umati wa watu huingia pamoja katika ulimwengu mmoja wa kubuni, kila mtu na mhusika wake.

Septemba 2005 lilifunguliwa eneo jipya, Zul'Gurub, makao ya Hakkar, mungu mnyonya damu. Aliyepambana naye alirushiwa laana ya damu iliyoharibika, ambayo ilimla uhai kwa sekunde chache na kumrukia aliye jirani. Mhusika mkongwe aliistahimili. Mchanga alikufa papo hapo. Watengenezaji walikusudia laana iishie humo humo. Ikaibuka mijini.

Ilitokaje? Wahusika wawindaji hufuga wanyama, na mwindaji anaweza kumwondoa mnyama wake machoni, kisha amwite tena popote atakapo. Mnyama alipoondolewa, saa ya laana yake nayo ilisimama. Ni kama kaa la moto lililofukiwa majivuni usiku: halitoi mwali wala moshi, nalo haliliwi likaisha. Alfajiri ukifukua na kupuliza, moto ni ule ule wa jana. Sasa mtu alibebe kaa hilo kigaeni, na majivu yake, apite nyumba za makuti bila yeyote kushtuka, halafu alipulize katikati ya soko. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika miji ya mchezo huo, Ironforge na Orgrimmar: mwindaji alimwita mnyama wake, na sekunde zilizobaki zikaanza kwenda katikati ya umati.

Wakazi wa mijini wanaoendeshwa na kompyuta, wauza duka na walinzi, waliambukizwa pia lakini hawakufa. Wataalamu huwaita wabebaji. Mimi nawaita wachukuzi, maana mzigo si wao, wanaufikisha tu. Kila aliyewasogelea aliondoka nao.

Watu je? Waganga walikimbilia kuwatibu wagonjwa, wakawaweka hai muda wa kutosha kuwaambukiza wengine. Wapo waliokimbia, wapo walioeneza kusudi, na wapo waliokwenda kuchungulia tu, wakarudi na laana. Blizzard walijaribu karantini, ikapuuzwa. Mwishowe waliwasha seva upya na kurekebisha programu ili laana isiwashike wanyama.

Baadhi ya wachezaji walikasirika, wengine walifurahia. Wanasayansi walivutiwa. Mwaka 2007 Ran Balicer aliandika kuhusu tukio hilo katika jarida la Epidemiology. Mwaka huo huo Eric Lofgren na Nina Fefferman wakaandika katika The Lancet Infectious Diseases. Hoja yao ni nzito: hesabu za milipuko hubuni tabia za watu, ilhali hapa watu halisi walijiamulia wenyewe, na hakuna aliyeumia. Yule mchunguliaji ndiye ambaye hesabu zilikuwa zimemsahau. Ni kweli kwamba mchezoni aliyekufa hufufuka, na hilo hupunguza woga, lakini somo la tukio hilo linabaki.

Maana wanyama wanaosafirisha ugonjwa bila kuonekana tunao hata huku, nje ya mchezo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 malale yalizuka Soroti, mashariki mwa Uganda. Watafiti walifuata nyayo hadi kwenye mnada wa mifugo, ambako ng'ombe wenye vimelea, wasioonekana wagonjwa, waliuzwa na kusambazwa vijijini. Mbung'o wakamalizia kazi. Mwaka 2006 Uganda ilianzisha kampeni ya kuzuia malale ya binadamu kwa kuwatibu ng'ombe.